Moshi wa Mnanaha

Sehemu ya Sita

Usile kwa Wakio.

Maneno matatu tu. Mwanaesha aliyasikia kwenye foleni ya maji na tangu siku hiyo hayakumbanduka. Akipima mchele dukani, anayasikia. Akiinama kwenye mswala, Mungu amsamehe, anayasikia. Usile kwa Wakio, ana mnanaha nyuma ya zizi lake, na mnanaha ni mti wa wachawi.

Ndiyo maana juma lililopita, msomaji, tulimwacha kwenye mlango wa huyo Wakio, mchana kweupe hapa Voi, miguu mitupu, buibui limemteleza begani, nyuma yake nusu ya mtaa. Binti yake Aliya alikuwa ametoroka chumbani akiwa hajitambui. Na ndani ya nyumba ya Wakio, Aliya alikuwa anacheka.

Donald wa bodaboda alisimama karibu naye na kidumu cha petroli alichokifyonza kwenye tangi lake mwenyewe.

"Mathe, sema tu neno," akamwambia. "Hii nyumba ni mbao na mabati. Haichukui muda."

"Mwanangu yumo ndani."

"Tunamtoa kwanza. Sisi si wanyama."

Mlango ukafunguliwa kabla hawajausukuma. Wakio alikuwa na leso iliyoloa maji mkononi. Huyu ndiye Mama Tom, mjane wa kutoka milimani, mwenye mbuzi wa maziwa na mdomo usio na breki. Akawatazama wote, akakitazama na kidumu.

"Mmekuja wengi hivi kumbeba mtoto mmoja?" akasema. "Mama Aliya, ingia. Mwanao nimemkuta analala na mbuzi. Mwili wake moto kama jiko, na jasho hana hata tone."

Mwanaesha akaingia. Hakuwahi kukanyaga humo.

Aliya alikuwa ameketi sakafuni, anachuma vitu hewani. Anachuma, anatia kwenye kikapu ambacho hakipo, anachuma tena. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka.

"Mama, shika kikapu vizuri," akamwambia kiti.

"Aliya, mimi niko hapa."

Binti hakugeuka. Mama yake alikuwa kile kiti.

Donald akawasha tochi ya simu, akammulika mtoto usoni. Watu wakajazana mlangoni kuona. Macho ya Aliya yalikuwa meusi tupu. Ile rangi ya kahawia aliyozaliwa nayo ilikuwa imemezwa yote.

"Mnaona?" Donald akasema. "Hayo ni macho ya mnanaha. Nyanya yangu alituambia. Zamani wezi wa gari moshi walikuwa wanamtilia abiria mbegu zake kwenye chai. Mtu anavua nguo mwenyewe, anawakabidhi na sanduku, anashuka stesheni ya Maungu uchi akiwashukuru."

"Na mchawi ni vivyo hivyo," mama mmoja akadakia. "Ila yeye haibi sanduku. Anaiba akili."

Wakio akaweka mkono kiunoni.

"Mtoto huyu alikula kimanga kwangu Jumatatu, muhogo na maharage ya kuponda tu. Leo Jumamosi. Kimanga changu kinatembea na magongo?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

"Na mti wenyewe uko wapi?" Donald akauliza.

"Ulikuwa nyuma ya zizi, pale ninapomwaga samadi. Hakuna aliyeupanda, huota wenyewe. Mbuzi hawaugusi, nami nimeung'oa mpaka nimechoka. Jana nimerudi kutoka mazishini Wundanyi nikakuta shimo. Nikasema heri, jirani mwema amenipunguzia kazi."

Hapo Mwanaesha akatazama chini.

Aliyekosa gazeti la juma lililopita, namwambia kwa ufupi. Aliyeung'oa ni Mwanaesha. Yule mama wa kwenye foleni ya maji alimfundisha hivi: mti wa mchawi ukiung'oa haujafa. Uanike, uuchome ndani ya nyumba yako pamoja na ubani, na moshi utamrudia mwenyewe. Ukisikia mtu anapiga kelele uuzime, huyo ndiye.

Basi alianika majani na yale matunda ya miiba juu ya mabati. Leo baada ya adhuhuri akayavunjavunja kwenye chetezo, mbegu na vyote, kama anavyofukiza udi siku ya Ijumaa. Akafunga madirisha. Akamketisha Aliya juu ya kigoda, akamfunika shuka gubigubi, chetezo katikati ya miguu. Alitaka kumkinga. Yeye mwenyewe akaketi pembeni akivuta tasbihi.

Aliya alisema, "Mama, inaniwasha." Akamwambia, "Vumilia, mwanangu, ni dawa."

Na kweli, nyuma ya ukuta Wakio alipaza sauti: "Mama Aliya, mnachoma nini huko? Kichwa kinaniuma. Zimeni."

Mwanaesha alifurahi. Akaongeza majani.

Sasa yuko kwenye nyumba ya Wakio na hajui lolote bado, ila kuna kitu kinamgonga kifuani kama mtu anayebisha hodi.

"Mpigie baba yake," jirani mmoja akamshauri. Fuad, mumewe, yuko Mombasa kazini.

Mwanaesha akatoa simu. Majina yalikuwa yanaogelea. Akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaifuta kwa buibui. Herufi zilikuwa ukungu mtupu. Na koo lilikuwa kavu, ulimi umegandia juu ya kinywa.

"Maji," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

Wakio akachota kikombe kwenye mtungi, akampa. Mwanaesha akakisukuma mpaka yakamwagika.

"Sinywi kwako. Sijawahi kutia kitu chako mdomoni, na nyote hapa ni mashahidi."

Wakio hakuokota kikombe. Alikuwa anamtazama usoni, karibu sana, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Donald," akasema polepole, "hebu mulika hapa."

"Wapi?"

"Kwa mama mtu."

Donald akageuza tochi. Mwanaesha akainua mkono kujikinga, kwa kuwa mwanga ulimchoma kama pilipili, lakini walikuwa wameshaona. Macho meusi tupu, kama ya binti yake.

"Mama Aliya hajawahi kutia kitu changu mdomoni," Wakio akasema. "Amesema mwenyewe, nyote mashahidi. Sasa na yeye amekula wapi?"

Mbuzi mmoja alilia nje, akanyamaza.

Donald akakiweka kidumu chini taratibu kama anaweka mayai.

"Manze," akanong'ona, "kumbe uchawi ni wa nyumba ile ingine."

Mwanaesha aliwaona wakisogea. Hawakukimbia. Kila mtu alirudi nyuma kidogo tu, mabega yakageuka, leso zikavutwa puani. Alizijua hatua hizo. Asubuhi ya leo alimwonyesha Wakio hatua hizo hizo pale dukani, Wakio alipokuja kununua chumvi.

"Mnaogopa nini?" Wakio akawauliza. "Wewe Donald, pikipiki yako ina mafuta bado, au umeyamaliza kwenye kidumu? Tupeleke hospitali."

Wakaenda. Wakio alimbeba Aliya katikati, Donald akaendesha, na Mwanaesha akafuata kwa tuktuk ambayo dereva wake alikataa kumtazama.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Immaculate, mwanamke wa sauti ya chini na mikono ya haraka. Alimpima Aliya joto, akaushika mkono wake, akatazama saa, akaita daktari bila kugeuza kichwa.

"Mama, mtoto amekula nini?"

Hapa ndipo ningetaka usome polepole, mama mwenzangu.

Mwanaesha alikuwa ameshajua. Alijua tangu tochi ilipomchoma. Jibu lilikuwa pale kwenye ulimi mkavu: sikumlisha, nilimfukiza. Lakini mlangoni alisimama Donald. Kando yake alisimama Wakio, gauni limeloa mate ya Aliya. Angeyasema mbele yao vipi, wakati saa hiyo hiyo kidumu cha petroli bado kiko kwenye mlango wa Wakio?

"Alikula kwa jirani," Mwanaesha akasema. "Kimanga. Kwa huyu hapa."

Wakio akageuza shingo, akamtazama.

Immaculate akamwita askari wa zamu. Mtu akilishwa sumu lazima askari ajue. Askari akamshika Wakio mkono, akampeleka kwenye benchi la nje, na Wakio akaenda naye kimya kama anayesindikizwa kanisani.

Aibu ni mzigo wa ajabu. Mtu anaweza kumweka mtoto wake chini ili apate mikono ya kuubebea.

Daktari akaja na mpira mrefu wa kuoshea tumbo. Aliya alikuwa anarusha miguu, anawafukuza paka ambao hawapo. Ilibidi wamshike wawili.

"Mama, una hakika ni chakula?" daktari akauliza. "Moyo wake unakwenda mbio sana. Mpira huu nikiuingiza namtesa. Kama hakula kitu, namtesa bure, na anaweza kunifia mkononi. Una hakika?"

"Nina hakika," Mwanaesha akasema, na hakuisikia sauti yake.

Daktari akaupaka mpira mafuta.

Aliya akatulia ghafla. Akalivuta shuka la kitanda, akajifunika kichwa chote, akainama mbele, magoti ameyapanua, kama mtu aliyekalia kigoda. Kutoka chini ya shuka ikatoka sauti ndogo, ya adabu, sauti anayoitumia akiomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Nimeuvuta wote, mama. Sasa naweza kutoka?"

Immaculate akasimama. Daktari akasimama na mpira wake hewani. Wakamgeukia mama.

"Si chakula," Mwanaesha akasema. "Ni moshi. Ni mimi. Niliuchoma mnanaha ndani, nikamfunika nao. Majani na mbegu. Jirani hakumpa kitu. Ni mimi."

Aliyasema yote bila kuvuta pumzi, na Donald mlangoni akayasikia yote.

"Na wewe ulikuwa humo?" Immaculate akamuuliza.

"Nilikuwa pembeni."

"Madirisha?"

"Niliyafunga."

Daktari akautupa mpira kwenye beseni. Kilichofuata kilikuwa haraka. Shuka likaondolewa, taa ya juu ya kitanda ikazimwa, vitambaa vya maji vikaja, dripu ikatundikwa, sindano ya kumtuliza ikapigwa. Mwanaesha alisukumwa kando, na hakuna aliyemfokea. Angeshukuru kama wangemfokea.

"Ataishi?" akauliza.

"Tuuulize moyo wake," daktari akasema. "Umechelewa kusema, mama. Lakini umesema."

Akatoka nje. Wakio alikuwa kwenye benchi, askari kasimama kando anatafuna kijiti.

"Mwachie," Mwanaesha akamwambia askari. "Nilisema uongo."

"Si wewe wa kuachia," askari akasema. "Ameandikishwa. Kuna utaratibu wake." Lakini akasogea kidogo.

Mwanaesha hakuketi kwenye benchi. Aliketi chini, kwenye saruji, mbele ya miguu ya Wakio. Watu waliopanga foleni ya dawa walitazama.

"Mama Tom, nisamehe."

"Inuka, utachafua buibui."

"Nisamehe kwanza."

"Uling'oa lini?"

"Ulipokwenda Wundanyi."

"Mazishini." Wakio akatikisa kichwa. "Mimi namzika dada yangu, wewe uko zizini kwangu unalima. Ungeniambia tu, Mama Aliya. Ningekupa na jembe."

Mwanaesha akaficha uso. Machozi hayakutoka. Macho yale yalikuwa makavu, hata kulia yalikataa.

"Baba yangu alikuwa na pumu," Wakio akasema. "Kule milimani walimpa majani hayo avute kwenye kiko. Siku moja alizidisha, akatoka na panga kupigana na migomba. Tangu hapo mama hakuruhusu hata jani moja lipite mlangoni. Nilipopiga kelele mzime, ulidhani nalia kwa nini?"

"Nilidhani unaungua."

Wakio akamtazama tena, kisha akakunja uso, kama mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

"Mti ule ulikuwa unanifika kifuani. Ulikuwa na matunda usiyoweza kuyahesabu. Chetezo chako ni kama bakuli. Umeuchoma wote?"

Mkono wa Mwanaesha ukaenda kwenye simu.

"Mama Aliya. Uliobaki uko wapi?"

Safaa, mke wa kaka yake, anakaa Miasenyi, pale barabarani wanapouza mkaa na maembe. Amejifungua, na arobaini ya mtoto ni kesho. Jana Mwanaesha alimfungia majani kwenye karatasi ya sukari na kumtumia kwa gari. Akamwambia, mfukize mwanao siku moja kabla ya arobaini, baada ya alasiri, mtu mwenye kijicho asimguse. Akamwambia na yale mengine pia.

Adhana ya alasiri ilikuwa imeshalia zamani.

Akaitoa simu, akaikodolea macho. Ukungu. Akampa Wakio.

"Nitafutie Safaa. Mimi sioni."

Wakio akaanza kuteremsha majina kwa kidole gumba. Kuifikia S lazima upite M. Kidole kikasimama. Mwanaesha akakumbuka, akatamani saruji ifunguke. Namba ya Wakio alikuwa ameihifadhi mwenyewe, na hakuihifadhi kwa jina la Wakio wala la Mama Tom. Aliandika Mchawi.

Wakio akakitazama kioo. Kisha kidole kikaendelea kushuka.

"Safaa huyu hapa," akasema. Akapiga, akampa.

Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa. Nyuma kulisikika wanawake wakiimba na mtoto mchanga akikohoa.

"Safaa," Mwanaesha akasema. Koo likatoa mkwaruzo. "Safaa, zima chetezo."

"Nani huyu?"

"Mimi. Wifi yako. Mtoe mtoto."

"Wifi yangu namjua sauti. Wewe ni nani na simu ya wifi umeipata wapi?"

Mwanaesha akajaribu tena, sauti ikakauka yote. Wakio akamnyang'anya simu.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mwondoe mtoto kwenye huo moshi sasa hivi. Fungua madirisha. Majani hayo ni sumu. Mimi ni Wakio, jirani wa Mama Aliya."

Upande wa pili nyimbo zikakoma.

"Wakio?" Safaa akauliza. "Wewe ndiye Wakio wa mnanaha?"

"Ndiye mimi. Zima."

Kisha Safaa akaongea, lakini hakuongea na simu. Aliongea na wanawake waliokuwa chumbani, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Ameungua, jamani. Wifi alisema atapiga kelele mwenyewe, na ndiye huyu. Nileteeni yale majani yaliyobaki. Yote. Na mzibe ule upenyo wa mlango."

Simu ikakatika. Wakio akapiga tena. Ilikuwa imezimwa.

Askari akatema kijiti chake. Na Donald, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa aibu zake mwenyewe, alikuwa ameshashika ufunguo wa pikipiki.

Wakati wao wako njiani kwenda Miasenyi, sisi wazazi tusikae bure. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usiuguse mnanaha kwa mikono mitupu kisha ukajisugua macho au ukamshika mtoto. Utaujua kwa ua jeupe refu kama tarumbeta, tunda la miiba na harufu mbaya.

Usiuchome, ndani wala nje. Ung'oe, uuzike kwenye shimo.

Usichume mchicha wala mnavu penye jalala au samadi kabla hujakagua jani moja moja. Mche wa mnanaha ukiwa mdogo unajificha humo.

Usiwaachie watoto yale matunda wafanye mpira.

Usivute majani yake kwa ajili ya pumu, hata ukiambiwa babu alipona nayo.

Usimfunike mtoto shuka juu ya moshi wowote.

Usifunge madirisha.

Usingoje mtoto alale, eti akiamka atakuwa sawa.

Usimfiche daktari.

Usiseme alikula kwa jirani.